Kalima: Kupunguza kilo peke yake hakumpi mkimbiaji mwendo

Huko Kalima, mji wa madini ya kasiterite wilayani Pangi, jimboni Maniema, mtu anayekimbia asubuhi kwa ajili ya afya huweza kujiuliza: nikipunguza kilo, nitakwenda mbio zaidi?

Ndiyo, lakini si kwa kukaa na njaa.

Kukimbia kilomita moja hutumia karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 80 akimaliza kilomita 10 ametumia takriban 800. Mwenye kilo 70 ametumia karibu 700. Kwenye mlima tofauti hiyo huonekana haraka.

Hata hivyo, wembamba hautoshi. Mkenya Eliud Kipchoge, mwenye kilo 52 hivi, alishinda marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Nyuma ya ushindi huo kulikuwa na mazoezi ya takriban kilomita 200 kwa wiki.

Anayeruka chakula hupoteza misuli pamoja na mafuta, na mwendo wake hushuka. Bugali na sombe zibaki mezani. Kinachopunguzwa ni sukari, pombe na vya kukaanga.

Anayeanza akimbie mara 3 kwa wiki, polepole, akiweza bado kuzungumza. Baada ya wiki kadhaa moyo na miguu huzoea, na mwendo huongezeka hata kama mizani haijasogea.

Mwenye presha au maumivu ya kifua amuone daktari kwanza.