Gesi Katika Matangi ya Viyeyushi: Usalama ni Kipimo

Asubuhi ya tarehe 17 Julai, 2007, katika mji wa Valley Center, jimbo la Kansas nchini Marekani, tangi la kiyeyushi lililipuka wakati lilipokuwa likijazwa kutoka kwenye lori. Moto ulienea hadi matangi mengine, na watu wapatao 6,000 wakalazimika kuyahama makazi yao. Wachunguzi wa serikali ya nchi hiyo walieleza kwamba chanzo hakikuwa kiberiti wala sigara. Kimiminika kilipopita bombani kilizaa umeme, na cheche yaelekea iliruka penye boya la kupimia ujazo, ambalo kiungo chake kilikuwa kimelegea. Cheche hiyo ilikuta mvuke uliochanganyika na hewa. Miongoni mwa tahadhari walizozitaja ni kuiondoa hewa hiyo kwa gesi isiyowaka.

Gesi itumikayo mara nyingi ni naitrojeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikiwa naitrojeni itatandazwa juu ya kiyeyushi kama blanketi hadi oksijeni ipungue chini ya asilimia 8 hivi, mvuke wa viyeyushi vilivyo vingi hauwezi kuwaka, hata cheche ikiruka. Lakini blanketi hilo lina masharti yake, na sharti kubwa ni kipimo cha shinikizo.

Wengi hudhani kwamba tangi la chuma, kwa vile ni kubwa, laweza kustahimili nguvu yoyote. Dhana hiyo ni ya hatari. Shinikizo la tangi la namna hii hupimwa kwa milibari, na milibari 1 ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha sentimita 1 tu. Hata hivyo, milibari 10 chini ya paa lenye upana wa mita 10 hulisukuma juu kwa nguvu ya tani 8. Bamba la paa lenye unene wa milimita 5 lina uzito usiozidi kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na uzito huo hulingana na milibari 4 tu.

Kwa sababu hiyo vali hupangwa kwa ngazi. Tuchukue mfano wa tangi lililoundwa kustahimili milibari 25. Vali ya kuingiza naitrojeni yaweza kufunguka shinikizo lishukapo hadi milibari 3, na kufunga lifikapo 5. Vali ya kutoa gesi huanza kufunguka kwenye 15 hivi, ili iwe wazi kabisa kabla ya kufika 25. Ngazi hizo zikikaribiana mno, vali moja huingiza gesi huku nyingine ikiitoa, na naitrojeni hupotea usiku na mchana. Aidha, hapana budi njia ya kutolea iwe pana kiasi cha kuipitisha gesi yote endapo vali ya kuingizia itakwama ikiwa wazi. Kipimo halisi hutoka katika kibao cha tangi na kwa mhandisi wake, wala si kwa kukisia.

Upande wa pili wa hatari ni mvutano. Kiyeyushi kikipakuliwa kwa haraka, au mvua kubwa ikinyesha baada ya jua kali, gesi iliyomo hutanuka au kupoa na shinikizo hushuka. Naitrojeni isipoingia kwa kasi ya kutosha, na vali ya kuvutia hewa ikiwa imezibwa kwa rangi, kitambaa au kiota cha ndege, tangi hujikunja kama debe lililokanyagwa.

Jambo hili lawahusu askari moja kwa moja. Nchini Uganda kazi ya zimamoto imo mikononi mwa polisi, na askari yeyote aweza kupangwa kulinda ghala. Mlinzi asikiapo vali ikipumua asiizibe, wala asiguse skrubu ya kipimo. Amwite msimamizi wa matangi.

Zaidi ya yote, naitrojeni haina rangi wala harufu. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1992 na 2002, gesi hiyo iliwaua watu 80 kazini, na baadhi yao walikuwa wakijaribu kuwaokoa wenzao. Ndani ya tangi lililojaa naitrojeni, mtu huzimia kwa pumzi moja au mbili, bila kukohoa wala kuhisi kwamba anakosa hewa. Askari amwonapo mtu ameanguka humo, ujasiri si kuruka ndani. Ujasiri ni kuzuia wengine wasiingie, kuagiza gesi ifungwe, na kuwaita waokoaji wenye mitungi ya hewa, kamba na kipimo cha oksijeni. Kitambaa puani hakisaidii kitu.

Gesi inayozuia moto ndiyo hiyo hiyo iuayo bila kelele. Tahadhari kabla ya hatari.