Matetemeko yafichua siri ya matabaka ya dunia

MNUNUZI wa nazi huitikisa karibu na sikio kabla ya kutoa pesa zake. Kwa mlio wa maji pekee, hutambua hali ya ndani pasi na kuivunja. Wanasayansi nao waliijua dunia kwa njia kama hiyo, ila wao hungoja itikisike yenyewe.

Kutoka tunapokanyaga hadi kitovuni mwa dunia ni takriban kilomita 6,371. Shimo la Kola, nchini Urusi, ambalo ndilo lililochimbwa kwenda chini zaidi, lilifika mita 12,262 mwaka wa 1989. Halikutoboa hata gamba la nje.

Je, yaliyo chini ya hapo yalijulikanaje? Tetemeko linapozuka, mawimbi yake hupenya ardhini pande zote. Baadhi hupita katika vitu yabisi na viowevu. Mengine hupita katika vitu yabisi pekee. Ilipobainika kwamba haya ya pili hayavuki kiini cha dunia, wataalamu walitambua kuwa mna kiowevu. Mnamo 1936, Inge Lehmann wa Denmark, akichunguza mawimbi ya tetemeko lililotokea New Zealand mwaka wa 1929, alibaini kwamba ndani ya kiowevu hicho mna kiini kingine kigumu.

Hivyo basi, matabaka makuu ni manne. La kwanza ni gamba, lenye unene wa kilomita 30 hadi 50 katika sehemu nyingi za bara, na chini ya 10 katika sakafu ya bahari. La pili ni tabaka la kati, linalofika kina cha kilomita 2,900. Miamba yake ni yabisi, lakini kwa sababu ya joto kali husonga polepole mno. La tatu ni kiini cha nje, ambacho ni chuma na nikeli iliyoyeyuka. Mwendo wake ndio unaoipa dunia nguvu za sumaku. La nne ni kiini cha ndani. Joto lake huzidi nyuzi 5,000, lakini hakiyeyuki kwa sababu ya kugandamizwa kutoka kila upande.

Haya si mambo ya darasani tu. Katika Bonde la Ufa, gamba linavutwa pande mbili na kukonda, nalo joto la chini limekaribia uso wa ardhi. Joto hilo ndilo linalotoa mvuke unaozalisha umeme huko Olkaria, karibu na Naivasha, tangu 1981. Hata hivyo, mvutano uo huo ulizua tetemeko la Subukia mnamo Januari 6, 1928, lililokuwa na ukubwa wa 6.9.

Neema na hatari, basi, zatoka chungu kimoja. Anayefurahia umeme wa bonde hilo asisahau, anapoweka msingi wa nyumba yake huko, kwamba ardhi iliyo chini yake ingali inasonga.