Bosi hayupo, kazi iko: Siri ya kung'aa ukiwa namba mbili

Vijana wengi wanaota kuwa mabosi. Ni wachache watakaokwambia wanataka kuwa naibu wa bosi, maana kiti hicho huonekana cha kungojea tu.

Lakini katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, kungoja ni hasara. Majani yakishachumwa hayasubiri mtu. Yakirundikana muda mrefu hupata joto na kuharibika. Meneja wa kiwanda akiwa safarini Nairobi na mashine ikwame usiku, naibu wake ndiye ataamua la kufanya. Asipojua, mkulima ndiye ataumia.

Bomet iliwahi kuona mtihani huo katika ngazi ya juu kabisa. Joyce Laboso mwenyewe alikuwa Naibu Spika wa Bunge la Kitaifa kabla ya kuchaguliwa gavana mnamo 2017. Alipougua na kwenda ng'ambo kwa matibabu mwaka wa 2019, naibu wake, Hillary Barchok, alishika usukani. Laboso alifariki Julai 29 mwaka huo, na Agosti Barchok akaapishwa kuwa gavana. Mwaka wa 2022 wapigakura walimrudisha ofisini.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalijui. Naibu gavana anapokaimu, sheria haimruhusu kuteua wala kufuta mtu kazi. Anabeba mzigo wa bosi, ila si kila kalamu ya bosi ni yake.

Hata kwenye kampuni mambo ni hayo hayo. Kwa hivyo, jua mipaka yako mapema. Bosi kabla hajasafiri, kubalianeni ni maamuzi gani utafanya na yapi yatamsubiri, na myaandike.

Pili, ijue kazi yote, si dawati lako pekee. Kama ni kiwanda, fahamu mizani, mashine, madereva na malipo ya wakulima.

Tatu, mpinge bosi mkiwa wawili, mlango umefungwa. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wafanyakazi wakinusa vita, kila mmoja atachagua upande na kazi italala.

Nne, habari mbaya zimfikie kutoka kwako, mapema, kabla hazijageuka udaku.

Anza wiki hii kwa kumuuliza: "Usipokuja kesho, naweza kuamua nini bila kukupigia simu?" Jibu likiwa "hakuna", ujue bado una kazi ya kujenga imani.