Huumwi, Dawa ya Nini?

Watoto wa Tabata, wa Kimanga, wa Segerea na wa kule Dampo, sogeeni. Pale dawa zinapogawiwa, mnapangwa mstari, mgawa dawa anasimamisha fimbo yenye alama, mnapimwa urefu mmoja mmoja, halafu mnakabidhiwa vidonge mvimeze palepale mbele yake. Na kila mara yupo anayeuliza: "Mimi siumwi, dawa ya nini?" Swali zuri hilo. Anayeuliza hivyo hafai kuambiwa meza unyamaze. Anastahili habari nzima.

Hadithi zetu tumezoea kuzifungua kwa kuita uongo uje na utamu ukolee. Hii naifungua kwa kuufukuza uongo, maana pwani yetu umejaa. Mmesikia kwamba anayezidisha madafu huota busha. Mmesikia kwamba yule mzee mwenye mguu mkubwa alirogwa na jirani. Dafu halina kosa, na jirani anasingiziwa. Mwenye kosa ni mnyoo. Wataalamu wanamwita Wuchereria bancrofti, jike lake hufikia sentimita 8 hadi 10 kwa urefu, na anapenda kuishi mahali ambapo hatumwoni.

Mbali na mishipa ya damu, mwilini kuna mishipa mingine, ya limfu, inayokusanya majimaji yaliyobaki kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu. Mnaujua mtaro wa mtaani ukizibwa na chupa na mifuko wakati wa masika: maji hayapotei, yanageuka na kuingia uani kwa watu. Mnyoo akikaa miaka ndani ya mshipa wa limfu, mshipa unatanuka na kuharibika, na majimaji yanakosa njia. Yakijaa mguuni na ngozi ikawa ngumu, hayo ni matende. Yakijaa kwenye korodani, hayo ni mabusha. Mambo haya huenda polepole mno. Mtu huambukizwa angali mtoto, anacheza mpira, anafaulu mitihani, na uvimbe unakuja kuonekana ana watoto wake mwenyewe. Kwa hiyo unaposema huumwi, unasema kweli, lakini mnyoo anaweza kuwa yumo.

Sasa njoo kwenye jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Minyoo wakubwa huzaa vitoto vidogo visivyoonekana ila kwa hadubini, na vitoto hivyo vina saa. Mchana vinajificha kwenye mishipa ya damu ya mapafu. Usiku mtu akilala, vinatoka na kusambaa kwenye damu iliyo karibu na ngozi, vikizidi kuwa vingi kati ya saa nne na saa nane usiku. Kwa nini usiku? Kwa sababu ndio muda ambao mbu anayevibeba, yule kuleksi anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu, anatafuta damu. Mbu huyo tunaye tele hapa mjini.

Aliyeanza kuifungua siri hii ni daktari kutoka Scotland, Patrick Manson, akifanya kazi Amoy nchini China. Mwaka 1877 aliwaacha mbu wamuume mtunza bustani wake, aliyekuwa na minyoo hiyo, wakati amelala. Kisha akawapasua mbu hao na kukuta vitoto vya minyoo vinakua ndani yao. Lakini Manson aliipata nusu tu ya njia. Yeye alidhani mbu hufia majini na watu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1900, George Low alipovikuta vitoto kwenye mdomo wa mbu, vikiwa tayari kumwingia mtu mwingine. Miaka 23 kati ya nusu ya kwanza na ya pili! Utafiti ndivyo ulivyo, wanangu: mtu anaacha swali, mwingine analiokota.

Hapa kwetu mwokotaji ana jina: Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, mnayoisikia kwenye redio ikiitwa NIMR. Zamani vituo vya utafiti, kile cha malaria kule Amani kwenye milima ya Usambara na kile cha Mwanza kilichochunguza minyoo hii hii, vilikuwa vya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilipovunjika mwaka 1977 vilihitaji mwenyewe, na mwaka 1979 Bunge letu likatunga sheria ya kuianzisha taasisi. Kazi yake si matende tu. Kuna malaria, kifua kikuu, kichocho, Ukimwi, hata dawa za asili. Ila mimi leo nabaki na mnyoo, maana ndiye aliyewafanya watafiti wetu wasilale.

Fikirieni. Ukitoboa kidole cha mtu saa nne asubuhi, unaweza usione kitu hata kama damu yake usiku imejaa. Basi watafiti walikwenda usiku, na taa na vioo vyao, wakawaamsha watu kuomba tone la damu. Na pwani hii mtu anayekuja usiku kutaka damu ana jina lake la kutisha: mumiani. Bibi zenu wanazijua habari hizo. Hofu hiyo haitibiwi kwa ukali. Inataka watu waelezwe mapema, mjumbe ahusishwe, kila mtu aulizwe na awe na haki ya kukataa. Leo utafiti wa afya hauruhusiwi kuanza bila kibali cha maadili, na taasisi hiyo ndiyo inayosimamia kamati ya taifa ya kazi hiyo. Wewe mtoto lazima mzazi wako aridhie, nawe pia uelezwe. Likumbukeni hilo, ni haki yenu.

Mtu mmoja nataka mlijue jina lake: Dkt. Mwele Malecela. Alikuwa mtafiti wa ugonjwa huu huu, akaongoza mpango wa taifa wa kuutokomeza, ambao ugawaji wake wa dawa ulianzia kisiwa cha Mafia mwaka 2000. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza NIMR. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilimpa kule Geneva idara ya magonjwa yaliyosahauliwa, ya maskini, hadi alipofariki mwaka 2022. Wasichana wanaodhani sayansi ni ya wengine, mwulizieni huyu.

Turudi kwenye vidonge vyako. Kimoja ni albendazole, vingine ni ivermectin, na idadi ya hivi vya pili hutegemea urefu wako, ndiyo maana ya ile fimbo. Ivermectin chimbuko lake ni kijidudu kilichookotwa kwenye udongo wa Japani na Satoshi Ōmura, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 pamoja na William Campbell. Dawa hizi mbili huvifagia vile vitoto kwenye damu, lakini wazazi wao hawafi kwa urahisi, wanaishi miaka na wanaendelea kuzaa. Hivyo unameza tena mwaka ujao, na mwaka mwingine, hadi wazeeke. Wakati huo wote mbu akikuuma hapati cha kubeba. Hapo ndipo jibu la swali lako lilipo: kidonge chako kinamkinga pia jirani yako aliyelala upande wa pili wa ukuta.

Wako pia waliomfuata mbu mwenyewe. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga vyooni vipunje vyepesi vya plastiki vinavyoelea. Vikatanda juu ya maji, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia, na mbu wakapungua sana. Napenda akili ya namna hiyo, iliyoanza kwa kuchungulia shimo la choo.

Na watafiti watajuaje kwamba mnyoo amekomeshwa? Hapo wanawategemea wadogo zenu. Baada ya miaka ya ugawaji huja shuleni kupima watoto wa miaka 6 na 7, kwa kipimo kinachotafuta dalili ya mnyoo mkubwa, ambacho hakingoji usiku na majibu yake hutoka kwa dakika 10. Hao wameishi karibu maisha yao yote dawa zikigawiwa. Wakikutwa safi, maana yake mbu hawajamwambukiza mtu kwa muda mrefu, na ugawaji unaweza kusimama. Ila watafiti hawaondoki moja kwa moja. Baada ya miaka miwili au mitatu wanarudi na vipimo vyao kwa watoto wa umri uleule, ambao mara ya kwanza walikuwa hawajafika hata darasa la kwanza.