Mazembe ao Lupopo: namna mtu anakuwa sapoteri



Tangu masomo yalipofunguliwa, wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanatuletea ulizo moja lile lile. Wengine wametoka mbali, Moba, Kongolo, Kasenga, na kule kwao mpira ni kitu cha kucheza nyuma ya kanisa, si kitu cha kugombania. Kufika hapa Lubumbashi wanakuta interna nzima imekatwa vipande viwili, na siku ya Mungu mangaribi kipande kimoja kinaimba, kingine kimelala bila kula. Wanauliza: "Kapita, mutu anakuwaka sapoteri namna gani? Banaandikishaka?" Tumeona afazali kujibu mara moja katika gazeti letu, juu tumechoka kujibu kila usiku nyuma ya kengele ya kulala.

Jibu la kwanza ni hili: wengi hawakuchagua. Walikuta ekipe nyumbani sawa vile walikuta jina la jamaa. Baba ni wa Mazembe, basi mtoto anavalishwa nyeusi na nyeupe mbele ya kujua kutembea. Lakini mama akiwa binti wa mtu wa reli, wajomba nao watafika na manjano na buluu ya Lupopo, na yule mtoto atavutwa mikono miwili. Kwa kawaida anashinda yule anayempeleka uwanjani mara ya kwanza. Si yule anayenunua shati. Ni yule anayemshika mkono mlangoni, anayemnyanyua mabegani ili aone, anayemnunulia karanga. Mtoto hatakumbuka mechi iliisha ngapi kwa ngapi. Atakumbuka kelele, tena atakumbuka kwamba siku ile mtu mkubwa wa jamaa, mtu mwenye heshima, alimrukia mtu asiyemjua na kumkumbatia. Hapo njo anakamatwa.

Wengine wanakamatwa na kartye. Anayeishi Kamalondo, karibu na uwanja wa Mazembe uliofunguliwa mwaka wa 2011 na wenye nafasi 18.500, analisikia bao mbele ya redio kulisema. Atafanya nini? Atakimbia kuuliza nani amefunga, na kesho yake ataanza kujua majina. Walio mbali wanakamatwa na redio yenyewe, na leo na telefone.

Lakini kukamatwa bado si kuwa sapoteri. Tuko na wenzetu wengi waliokamatwa ambao hawajui hata ekipe yao ilitoka wapi. Basi tueleze kidogo.

Ekipe hizi mbili ni za umri mmoja, zote za mwaka wa 1939, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Ile ambayo leo ni Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface, kwa ajili ya wanafunzi wao. Ndiyo, wanafunzi sawa sisi. Ilianza na jina la Mtakatifu Georges, na mwaka wa 1944 ikapewa jina la Mtakatifu Paul. Nyuma yake wachezaji wasiokuwa wa masomo yale wakaingia, mapadri wakaiacha, nayo ikachukua jina la Englebert, kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza mipira ya motokari. Kwa hiyo ekipe ya mpira ilivaa jina la mipira mingine, na hakuna aliyeona ajabu. Lupopo nayo jina lake kamili ni Saint-Éloi Lupopo. Éloi, kwa Wakatoliki, ni mtakatifu wa wafua vyuma, na ekipe ile ilikuwa ya watu wa reli. Hata leo masapoteri wake wanaitwa vile. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya kuita watakatifu, lakini siku ya derby tunaona hata wana wa wachungaji wakiita jina la Éloi kwa nguvu zote.

Kuna na jambo la "Tout Puissant". Neno hili liliongezwa kwa jina la Englebert nyuma ya uhuru, wakati ekipe ilipokuwa inachukua kila kikombe. Mwaka wa 1966 peke yake ilichukua vitatu. Wakati wa Zaire Englebert likaondolewa, ikawa Tout Puissant Mazembe. Wazee wengine wa kanisa hawapendi kulitamka, juu Mwenye Nguvu Zote ni mmoja tu. Wanasema "TP", na herufi mbili hazina zambi.

Sasa tufike kwa jambo tunaloona ni kubwa. Mwaka wa 1967 Englebert ilifika finali ya kikombe cha Afrika cha ekipe bingwa na kukutana na Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi walitoka 1 kwa 1, Kinshasa 2 kwa 2. Ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakufika, kikombe kikapewa Englebert. Watu wa Ghana hawakufurahi, na mtu yeyote wa haki ataelewa. Lakini mwaka wa 1968 Englebert walirudi finali na kupiga Étoile Filante ya Lomé mabao 5 kwa 0. Kule Togo wakapigwa 4 kwa 1, na bado ikatosha. Vikombe viwili kufuatana. Hakuna ekipe nyingine iliyofanya vile katika kikombe kile mpaka Enyimba ya Nigeria, mwaka wa 2003 na 2004.

Kisha yakaja maumivu. 1969, finali ya tatu, wakashindwa na Ismaily ya Misri. 1970, finali ya nne, na nani alikuwa ngambo ya pili? Asante Kotoko. Kumasi 1 kwa 1 tena. Kinshasa, mbele ya watu wetu, Kotoko wakashinda 2 kwa 1 na kubeba kikombe kwenda kwao. Deni la 1967 lililipwa nyumbani kwa mwenye deni.

Kikombe kile Mazembe hawakukishika tena mpaka mwaka wa 2009. Wadogo, fanyeni hesabu: kutoka 1968 mpaka 2009 ni miaka 41. Mwaka wa 1980 walichukua kikombe kingine cha Afrika, cha ekipe zenye kushinda vikombe vya inchi zao, lakini kile kikubwa, hapana. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 18, sawa sisi, siku walipopiga Lomé mabao matano, alikuwa na miaka 59 siku kikombe kiliporudi. Katikati aliona inchi ikibadilishwa jina mara mbili, aliona feza ikikosa bei, aliona Gécamines ikianguka na mishahara ikikosa kulipwa miezi na miezi, aliona vita. Na kila siku ya Mungu alivaa ile shati na kwenda uwanjani. Mzee wa namna hiyo yuko karibu katika kila kartye ya Lubumbashi. Ukitaka kujua sapoteri ni nini, usitazame anayepiga ngoma. Mutafute yule nkambo, umuulize juu ya mwaka wowote mbaya, 1975 ao 1995, na utaona kama anajua nani alikuwa kipa.

Na ile finali ya 2009 haikuwa nzuri kwa macho, tuseme ukweli. Kule Nigeria, Heartland walishinda 2 kwa 1. Lubumbashi ikatosha bao moja, na bao lenyewe mlinzi wa Heartland alijifunga. Mwaka uliofuata, 2010, hakukuwa shaka: Espérance ya Tunis walipigwa 5 kwa 0 hapa kwetu. Na mwezi wa kumi na mbili, huko Abu Dhabi, katika kikombe cha dunia cha ekipe, Mazembe wakashinda Pachuca ya Mexico 1 kwa 0, wakashinda Internacional ya Brazil 2 kwa 0, wakaingia finali. Ekipe ya Afrika ilikuwa haijafika pale hata siku moja. Tena Trésor Mputu, mchezaji wao mkubwa, hakuwako. FIFA walikuwa wamemkataza kucheza mwaka mzima juu ya fujo na mwamuzi katika mechi ya Kigali. Kipa Kidiaba alifurahia mabao kwa kukaa chini na kurukaruka kwa makalio, na dunia yote ikacheka pamoja naye. (Wanaoiga mchezo huu katika mabweni waache, saruji si majani.) Tarehe 18 Inter Milan wakashinda finali 3 kwa 0. Moja la mabao yale lilifungwa na Eto'o, Mwafrika.

Yaliyofuata hapa Lubumbashi tunapaswa kuyaandika, hata kama wengine watatukasirikia. Mwamuzi wa finali ile alikuwa Mujapani. Nyuma ya kushindwa, vikundi vya watu viliingia katika mji na kuvunja maduka ya Wachina. Wachina, kwa kosa la Mujapani, ambaye naye hakuwa na kosa! Watu wale walikuwa wamevaa nyeusi na nyeupe. Na tarehe 11 mwezi wa tano 2014, Kinshasa, katika mechi ya Vita Club na Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël, fujo ilianza, polisi wakatupa gazi ya machozi, watu wakakimbilia mlango mmoja wakakanyagana. Zaidi ya 10 walikufa. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda kuona mpira.

Tunasema haya kwa sababu wadogo wengine wanaamini kwamba kadiri mtu anavyokasirika, ndivyo anavyopenda. Hatukubali. Hasira ni kitu cha dakika kumi na haiitaji ujuzi. Tazameni kilichotokea mwaka wa 2011. Mazembe walishinda Simba ya Tanzania nyumbani na kule Dar es Salaam. Simba wakashitaki kwamba mchezaji mmoja, Bokungu, hakuwa na ruhusa ya kucheza, na Mazembe wakaondolewa katika kikombe. Watu walikasirika mno. Na mwaka ule ule Mazembe wakanunua kwa Simba kijana mmoja aliyeitwa Mbwana Samatta. Alikuja, akatumika, na watu wa Kamalondo wakajifunza kuimba jina la kijana wa ekipe iliyowashitaki. Mwaka wa 2015, finali na USM Alger, alifunga kule Algiers na alifunga hapa, na kikombe cha tano kikapatikana. Waliokuwa wanatukana Simba miaka minne mbele walimbeba Samatta mabegani. Sisi tunaona pale ekipe ilikuwa na akili kuliko masapoteri wake.

Turudi kwa lile ulizo la kuandikisha. Kweli viko vikundi vya masapoteri vyenye viongozi na michango. Kile cha Mazembe kinaitwa 100%. Anayeingia anatoa mchango wake, anajifunza nyimbo, anasimama mahali pake, na wakati wa msiba wa mwenzake anakwenda kulala kwa matanga. Hili la matanga watu wa inje hawalijui, lakini wengi wanabaki juu yake kuliko juu ya mabao. Mwanafunzi hana haja ya kuingia mbele ya kumaliza masomo. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja, jina lake hatulitaji, alikula feza ya minervali ili kufuata ekipe mpaka Kolwezi. Ekipe ilishinda. Yeye alirudishwa kwao majuma mawili, na mama yake alikopa mahindi ya kuuza ili alipe tena. Ekipe haikumwandikia barua ya asante.

Na wale wenye kusema wao ni wa Barcelona, Real ao Paris? Hatuwakatazi, mpira wao ni mzuri kutazama. Lakini tunamjua mwenzetu aliyebadilisha ekipe ya Ulaya mara tatu katika miaka miwili, kila mara kwa kufuata aliyeshinda. Hapa kwetu mambo hayo hayawezekani. Jaribu kutoka Lupopo kwenda Mazembe, uone kama mujomba wako atakuita kwa chakula. Ekipe ya karibu inajua nyumba yako. Ukipita asubuhi nyuma ya kushindwa, muuza mikate anakungoja kwa kicheko, na unapaswa kununua mkate na kukaa kimya. Siku nyingine ni yeye atakaa kimya. Watu wa Lupopo wamekula mkate huo miaka mingi kuliko sisi, na bado uwanja wanaujaza. Ni vigumu kwetu kuandika hivi, kwani sisi ni wa Mazembe tangu kwa nkambo yetu, lakini wanastahili.

Sasa tangazo. Siku ya derby redio itawekwa katika chumba cha kulia, nyuma ya ibada na nyuma ya kusafisha mabweni. Wa Mazembe watakaa upande wa jiko, wa Lupopo upande wa dirisha. Viti vya katikati ni vya wadogo ambao hawajakamatwa bado, na hakuna ruhusa ya kuwavuta mikono. Sahani na vijiko havitapigwa, juu mara ya mwisho mpishi alihesabu vijiko na tisa vilikuwa vimepindwa. Atakayetaka kupiga ngoma alete ngoma yake.