Sura ya Tano: Upepo Unaochoma

Alfajiri za Juni na Julai pale Kifanya, mkoani Njombe, zina baridi inayong'ata, na kuna siku majani ya kando ya barabara huamka yamevaa barafu. Mwambie dereva aliyejikunyata ndani ya kabini kwamba lori lake linaumwa joto, atadhani unamtania. Lakini lori hilo linapopanda kutoka Songea likiwa na makaa ya mawe ya Mbinga, bomba linalotoka kwenye kompresa yake linaweza kukubabua mkono.

Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua sababu. Hewa ikibanwa hupata moto, na pampu nayo huwa ya moto. Kompresa ya lori huibana hewa mpaka bar 8, kwenye malori mengi ya sasa zaidi ya 10, na hewa hiyo hutoka ikiwa na joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Upepo huo huo ndio unaoendesha breki, na ndio unaojaza mifuko ya mpira inayobeba chesisi za mabasi na matrela mengi badala ya springi za vyuma.

Baridi ya Njombe inasaidia kupoza, ila mwinuko wake una gharama. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Kompresa inalazimika kupiga mapigo mengi zaidi kujaza tangi lile lile.

Sasa tuje kwenye bomba lenyewe. Kutoka kwenye kompresa hadi kwenye draya, yaani kikausha hewa, bomba ni refu kwa makusudi: ndilo rejeta ya upepo. Humo hewa inatakiwa ipoe hadi nyuzi 65 hivi, maana chembe za draya hazishiki unyevu vizuri hewa ikiwa ya moto. Nimeona mafundi wakilikata na kuunga kipande kifupi cha hozi, eti gari lionekane nadhifu. Unyevu ukapita hadi kwenye vali, ukaganda usiku, na asubuhi trela likakutwa limelalia ubavu mmoja. Mafuta ya injini nayo yakipenya huungua na kuacha masizi magumu bombani. Njia ikisongwa, joto linapanda tena.

Mfuko ukipasuka, usiulaumu kabla hujatazama ngoma ya breki iliyo jirani. Breki inayoshika mteremkoni huuoka mpira.

Kuongeza feni hakutibu ugonjwa huu. Kompresa inahitaji kupumzika, na haiwezi kupumzika kama kuna mahali panavuja. Magari madogo kama Range Rover yana kompresa ndogo ya umeme isiyopozwa kwa maji. Joto likizidi hujizima, na mwenye gari hukimbilia kununua nyingine, kumbe mfuko una ufa mwembamba kama unywele.

Kwa hiyo ukisimama Kifanya kunywa chai kabla ya kwenda Makambako, acha matangi yakiwa yamejaa, zima injini, zunguka gari ukiwa umetega sikio. Ukisikia "sss", pakaza maji ya sabuni hapo. Sabuni ya kipande inatosha.