Kupika Wali Nyumbani: Je, Sufuria ya Umeme ni ya Lazima?

Sufuria za umeme za kupikia wali zimeenea madukani, na wauzaji huzisifu kwamba haziunguzi wala hazitoi wali wa bokoboko. Kabla ya kutoa fedha, inafaa mnunuzi aelewe kazi inayofanywa na chombo hicho, na ile inayobaki mikononi mwa mpishi.

Wali huivaje?

Punje ya mchele huiva kwa kufyonza maji ya moto na kuvimba. Mambo matatu huamua matokeo: kipimo cha maji, nguvu ya moto na mvuke unaobaki ndani ya sufuria. Kikombe kimoja cha mchele mpya huhitaji takriban kikombe kimoja na nusu cha maji, kwa kuwa punje zake bado zina unyevu. Mchele uliokaa ghalani hutaka vikombe viwili au zaidi kidogo. Mwinuko nao una athari: Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana huko wali huchelewa kuiva.

Kwa sufuria ya kawaida

1. Chambua mchele, ondoa chuya na mawe, kisha uoshe.
2. Chemsha maji uliyoyapima, pamoja na chumvi na mafuta kidogo. Ukipenda tui la nazi, lihesabu kama sehemu ya maji hayo.
3. Tia mchele, koroga mara moja, funika.
4. Maji yanapokaribia kukauka, punguza moto. Anayetumia mkaa apunguze makaa ya chini na kupalia mengine juu ya mfuniko. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha epua.

Mkaa usitumike katika chumba kilichofungwa: gesi yake ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo huua.

Sufuria ya umeme hufanya nini?

Sufuria ya umeme inayojizima yenyewe ilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba nchini Japani mwaka 1955. Siri yake ni nyepesi. Maji yakiwamo, joto halipandi kupita kiwango cha kuchemka. Yakikauka, joto hupanda ghafla, na swichi huacha kupika na kubaki ikitunza joto tu. Chombo hiki hakipimi maji, wala hakitofautishi mchele mpya na wa zamani.

Sufuria ya wati 700 ikipika kwa nusu saa hutumia uniti 0.35 za umeme. Ikiachwa itunze joto kwa wati 40 kwa saa 10, hutumia uniti 0.4, yaani zaidi ya zile za kupikia.

Kabla ya kununua

- Soma kibandiko cha volti. Umeme wetu ni wa volti 230. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani ni vya volti 100, na huungua vikichomekwa moja kwa moja.
- Tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).
- Kagua kikombe cha kupimia. Mara nyingi ni cha mililita 180, nayo mistari ya maji ndani ya sufuria hufuata kikombe hicho, si kikombe chako cha chai.
- Omba chombo kijaribiwe mbele yako, kisha dai risiti na hati ya dhamana.

Tahadhari kuhusu kiporo

Mchele huweza kubeba bakteria aitwaye *Bacillus cereus*, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje ya jokofu, mbegu hizo huota na bakteria huzaliana. Sumu yao inayosababisha kutapika haiharibiki kiporo kinapopashwa moto. Kwa hiyo:

- Usiache wali nje kwa zaidi ya saa 2. Umeme ukikatika, sufuria ya umeme si hifadhi tena: joto likishuka chini ya nyuzi 60, anza kuhesabu.
- Utandaze katika sinia upoe upesi, uweke kwenye jokofu, na uliwe ndani ya siku moja.
- Asiye na jokofu apike unaotosha mlo mmoja. Kikombe kimoja cha mchele hutoa takriban vikombe vitatu vya wali.

Kwa mtu asiye na nafasi ya kusimama jikoni, sufuria ya umeme ni msaada wa kweli. Kwa mwingine, sufuria yenye mfuniko unaobana inatosha. Kipimo cha maji na uangalifu wa kiporo haviuzwi pamoja na chombo chochote.